Ndila Kimeu na Nyimbo Alizorekodi Katika Ghala la Mwatate

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa, popote mlipo asubuhi hii ya Jumamosi. Voi mjini, Mwatate, Wundanyi, na nyinyi wa kule Taveta ambao mvua ikinyesha mnatusikia kwa kubahatisha. Mimi ni Kathini Mumo. Kama una kazi mkononi, endelea nayo, lakini sogeza redio karibu. Leo tunamkumbuka mtu wetu.

Tunamkumbuka Ndila Kimeu, mwimbaji. Mzaliwa wa Kaloleni hapa Voi, mke wa Gabriel wa Mraru, mama wa msichana mmoja. Ndila alifariki Jumatano ya wiki iliyopita akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Tulimzika Mraru juzi Alhamisi.

Wengi wenu mlimjua kwenye harusi. Kama ulifunga ndoa Voi miaka ya karibuni, huenda Ndila ndiye aliyekuwa akiimba wakati unalishwa keki. Yule dada mrefu, anayefumba macho sauti ikipanda juu. Wengine mmemjua majuzi tu, kwa ile albamu yake ya nyimbo za zamani za Wamarekani weusi, zile tunazoziita soul. Nyimbo za miaka ya sitini na sabini, nyimbo za kupenda na kuachwa. Ndila aliziimba upya hapa hapa kwetu, ndani ya ghala la mkonge. Albamu ina nyimbo tisa. Alikusudia ziwe kumi.

Simu zenu zimekuwa nyingi. Wimbo wa kumi uko wapi? Kathini, mbona huupigi? Leo nitawaambia. Mama yake mzazi, Mama Mukonyo, amenipa ruhusa kuwasimulia yote kama yalivyotokea.

Tuanze Kaloleni.

Baba yake Ndila, mzee Kimeu, alikuwa dereva wa basi la Mombasa na Nairobi. Kila safari ya Mombasa alirudi na kaseti. Alizinunua kwa mabaharia karibu na bandari. Alikuwa na redio ya spika mbili, anaiweka dirishani, anavua viatu, na nyumba nzima inatetemeka. Ndila akiwa mdogo hakujua Kiingereza. Alishika maneno kwa masikio tu, kama yalivyoanguka. Alikuwa anaimba habari za moyo uliovunjika huku anaosha vyombo, na hajui anasema nini.

Mama Mukonyo aliniambia hivi: "Akija, nyumba inajaa. Akiondoka, tunabaki na makelele ya kaseti."

Ndila akiwa darasa la tano, mzee Kimeu aliondoka na hakurudi. Hakuaga. Baadaye habari zikaja kwamba yuko Mariakani, ana nyumba nyingine na mke mwingine. Huko ndiko alikofia miaka mingi baadaye, na Mama Mukonyo hakwenda kuzika.

Lakini mwaka ule alioachwa, mama huyu alifanya jambo moja. Alikusanya kaseti zote, akazitia kwenye pipa nyuma ya nyumba, akawasha moto. Moshi mweusi, harufu mbaya, majirani wakifunga madirisha. Ndila alisimama pale akitazama. Hakulia.

"Niliona midomo yake ikienda," Mama Mukonyo aliniambia. "Alikuwa anaziimba bila sauti. Nikajua nimechoma plastiki tu."

Basi, wasikilizaji, shikeni hilo. Kwa binti, zile zilikuwa nyimbo za utotoni. Kwa mama, zilikuwa nyimbo za mwanamume aliyemwacha. Miaka mingi hawakuzitaja. Ndila aliimba kanisani, akaimba harusini, akaimba kwenye mahoteli ya watalii. Zile za baba hakuziimba mbele ya mama hata siku moja.

Akaolewa na Gabriel, fundi wa magari katika shamba la mkonge kule Mwatate. Wakajenga Mraru. Wakapata mtoto, Mkamburi. Na hapo kwenye kujifungua ndipo ugonjwa ulipojitokeza. Pumzi ilikata. Miguu ilivimba. Madaktari wakasikiliza moyo, wakatazamana.

Alikuwa na moyo ulioharibika tangu utotoni. Alipokuwa mdogo aliugua koo mara kwa mara, na viungo vikawa vinamuuma. Watu wakasema ni baridi. Kumbe ugonjwa ule wa koo ulikuwa umeshuka hadi kwenye moyo na kula vali, yaani ile milango midogo inayofunguka na kufungwa damu ikipita. Ndila alipelekwa Nairobi, akapasuliwa, akawekewa vali ya chuma.

Vali ya chuma ina masharti. Lazima unywe dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku, maisha yako yote. Lazima uende kliniki damu ipimwe. Ikiwa nyepesi mno, unavuja. Ikiwa nzito, inaganda kwenye chuma. Hata mboga ina sheria. Muuguzi alimwambia, "Sukuma wiki unayokula leo iwe kiasi kile kile utakachokula kesho." Gabriel ndiye aliyekuwa akipima sukuma kwa bakuli.

Ndila aliyafuata masharti hayo miaka mingi. Miaka mingi kabisa. Kisha ikaja albamu.

Mwanzoni mwa mwaka jana alimwambia mumewe, "Baba Mkamburi, nimeimbia watu harusi zao nimechoka. Nataka niimbe zile nilizokuja nazo."

"Zipi hizo?"

"Za baba."

"Na mama yako?"

Ndila akaanza kuhesabu nyimbo kwa vidole.

Studio ya Mombasa ilikuwa mbali, na alitaka bendi ipige pamoja naye, watu wakitazamana. Gabriel akakumbuka ghala moja la zamani pale shambani, limejaa marobota ya mkonge. Mkonge unameza mwangwi. Ukipiga makofi mle ndani, sauti inakufa hapo hapo. Akaomba ruhusa, akapewa. Akaitwa Nehemiah, kijana wa Wundanyi anayerekodi kwaya, akaja na kompyuta yake na maikrofoni ambayo alikuwa akiishika kama yai. Bendi ilikuwa watu watatu: kinanda, besi na ngoma.

Siku ya kwanza walikwama kabla hata ya wimbo wa kwanza kuisha.

Nehemiah alikuwa amevaa vifaa vya masikioni. Akainua mkono. "Simamisheni. Kuna kitu kinagonga."

Tik. Tik. Tik. Kwa mbali, lakini ipo. Akazima feni. Bado. Akawaambia wote wavue saa. Bado. Akabadilisha waya, akachomoa taa, akatoka nje kuangalia kama kuna mtu anagonga bati. Bado. Akawatoa wanabendi wote. Ndila akabaki peke yake mbele ya maikrofoni, na ile sauti ikazidi kusikika.

"Dada Ndila, umebeba nini?"

Ndila akaweka kiganja kifuani. "Ni mimi," akasema. "Ni chuma changu."

Nehemiah aliniambia hakujua atazame wapi. Alisema anaweza kuifuta kwa kompyuta. Akajaribu. Ile sauti ikatoka, lakini ikatoka na pumzi za Ndila pia, na wimbo ukabaki kama umeimbwa na mashine. Ndila akausikiliza mara moja tu.

"Rudisha," akasema. "Nisipogonga, siimbi."

Basi iko hivyo katika albamu. Ukisikiliza zile nyimbo za polepole, redio ikiwa karibu, utaisikia.

Walifanya kazi siku za mwisho wa wiki, wimbo mmoja, siku nyingine nusu. Na Ndila hakumwambia mama yake. Alidhani atamwambia zikiisha. Lakini Voi ni ndogo. Mama Mukonyo anauza leso sokoni, na mteja mmoja akamwonyesha video kwenye simu. "Mama Ndila, si huyu ni wako?" Ndila akionekana ghalani, macho kayafumba, anafanya mazoezi ya ule wimbo ambao mzee Kimeu alikuwa akiupiga kila Jumapili.

Mama Mukonyo alifunga kibanda saa nne ya asubuhi, akaenda Mwatate. Nehemiah anasema alimwona tu mama mmoja mlangoni, mkoba kwapani, jua likiwa nyuma yake. Bendi ikanyamaza chombo kimoja kimoja.

"Endeleeni," Mama Mukonyo akasema. "Kwani nimewakataza?"

"Mama, karibu ukae," Ndila akasema.

"Sikai. Nimekuja kukuuliza swali moja. Nilikukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Nani alikulipia shule? Nani alilala sakafuni Nairobi ulipopasuliwa kifua? Yeye alikuja? Hata simu alipiga?"

"Hakupiga."

"Na leo unamwimbia."

"Simwimbii yeye. Mama, nyimbo hizi si za baba. Alizinunua tu."

"Kwangu mimi ni zake!" Hapo Mama Mukonyo alipandisha sauti, na Nehemiah anasema hata marobota hayakuimeza. "Ukizitoa hizi watu wazisikie, mlango wangu usiujue. Umenisikia? Usiujue."

Akageuka, akaenda. Ndila alimfuata hadi nje, akamwita mara mbili. Mama hakugeuka.

Hiyo ilikuwa Machi. Kuanzia siku hiyo mama na binti hawakuongea. Pasaka ikapita. Siku ya kuzaliwa ya Mkamburi ikapita. Mama Mukonyo alimtumia mjukuu wake gauni kupitia jirani, na hakutuma neno.

Ndila akajitupa kwenye kazi. Wimbo wa tano, wa sita, wa saba. Gabriel anasema alikuwa kama mtu anayekimbizwa. Alitaka amalize, apate kitu cha kumpelekea mama mkononi, aseme, mama, sikiliza kwanza, halafu unifukuze. Na katika mbio hizo akakosa kliniki. Kisha akakosa tena.

"Dawa unakunywa?" Gabriel alimuuliza.

"Nakunywa."

"Na damu? Damu haijapimwa, mama Mkamburi."

"Nikimaliza wa nane nitaenda."

Wa nane ukaisha. "Nikimaliza wa tisa."

Waligombana. Gabriel ni mtu mpole, mnaomjua mnajua, lakini siku hiyo alificha funguo za ghala. Ndila hakupiga kelele. Alikaa mlangoni akamwambia, "Gabriel, nimeshampoteza mama kwa sababu ya hizi. Usiniambie niziache njiani." Gabriel akatoa funguo.

Dalili ilikuwepo, wasikilizaji wapendwa. Ilikuwepo na ilisikika, lakini hakuna aliyejua kuisoma. Wakati wa wimbo wa tisa, Nehemiah alivua vifaa vyake vya masikioni akasema, "Dada Ndila, leo chuma chako sikisikii vizuri. Kimekuwa kama kimefungwa kitambaa."

Ndila akacheka. "Afadhali. Kazi yako imepungua."

Daktari wa Mombasa ndiye aliyekuja kueleza baadaye. Damu ilikuwa imeanza kuganda juu ya vali. Chuma kilikuwa kinajifunga kwa shida, ndiyo maana mlio ulififia. Nehemiah hadi leo analirudia hilo. "Nilifurahi," aliniambia. "Nilidhani nimeweka maiki mahali pazuri."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Juni. Wimbo wa tisa ulikamilika mapema asubuhi, safi kabisa. Wakapumzika, wakanywa chai. Ndila akasema wauanze wa kumi hapo hapo, sauti bado ina joto. Wa kumi ulikuwa ule wa Jumapili, ule wa baba yake.

Kinanda kikaanza. Ndila akaingia. Mstari wa kwanza sawa. Mstari wa pili, maneno yakatoka yamevurugika. Nehemiah akadhani amesahau. Akamwashiria arudie. Akarudia, na safari hii hayakuwa maneno kabisa. Mpiga besi akaanza kucheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona upande mmoja wa mdomo wa Ndila umeshuka. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia. Alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine, anataka kusema kitu, na kitu hakiji.

Mpiga ngoma alikimbia karakana kumwita Gabriel. Gabriel akaja na pikapu ya shamba. Wakamweka kiti cha mbele, Nehemiah akambana asianguke. Wakashika barabara ya Voi.

Kutoka Mwatate hadi Voi si mbali. Mnaijua barabara. Lakini walipokaribia Mraru walikuta magari yamesimama. Ndovu walikuwa barabarani. Si mmoja, ni kundi, na ndani ya kundi wana wachanga. Wamesimama katikati ya lami, hawaendi mbele wala hawarudi nyuma.

Gabriel akashuka, akamkimbilia askari wa wanyamapori. "Nina mgonjwa. Nina mgonjwa, nipishe nipite pembeni."

Askari akamshika mkono. "Ndugu yangu, naona. Lakini yule jike ana mtoto. Ukimtisha atakuja juu ya gari, na hutafika popote. Zima injini. Tunajaribu kuwasukuma polepole."

Gabriel akarudi ndani ya gari. Nyumba yake ilikuwa pale, anaiona bati. Mke wake alikuwa akipumua kwa sauti. Hakujua afanye nini na mikono yake. Akachukua simu, akampigia mtu ambaye hakuwa amezungumza na nyumba yao tangu Machi.

"Mama, ni Gabriel. Ndila ameanguka. Hawezi kuongea."

Mama Mukonyo akauliza, "Mko wapi?"

"Mraru. Ndovu wamefunga barabara."

"Mwekee simu sikioni."

Gabriel akamwekea. Hakusikia kilichosemwa. Aliona tu mkono wa kushoto wa Ndila ukipanda na kuishika simu, ukaibana. Nilipomuuliza Mama Mukonyo alimwambia nini binti yake, alisema: "Nilimwambia mlango uko wazi. Nikamwambia tena na tena, kwa sababu sikujua kama anasikia."

Ndovu walivuka. Walivuka kwa wakati wao. Gabriel aliendesha gari lile kama baba mkwe wake alivyokuwa akiendesha basi, ndivyo Nehemiah anavyosema, na pale lango la hospitali ya Voi walimkuta Mama Mukonyo amesimama tayari, leso za biashara bado begani. Ndila akapewa huduma ya kwanza, kisha ambulensi ikampeleka Mombasa. Damu iliyoganda ikayeyushwa. Akapona kufa.

Akapona kufa, wasikilizaji. Lakini maneno yalikuwa yameondoka. Kiharusi kilikuwa kimegusa pale panapotunza maneno. Alikuwa anakujua, anaelewa unachomwambia, anajua anachotaka kusema, lakini alibakiwa na neno moja. Basi. Akitaka maji, basi. Akimwita mtoto wake, basi. Akikasirika, basi, basi, basi, machozi yakimtoka. Mwimbaji.

Alipotoka hospitali, Mama Mukonyo hakumuuliza mtu. Alisema, "Gabriel, wewe una kazi. Huyu anakuja Kaloleni, na mtoto." Akampa chumba chake mwenyewe. Akamlisha, akamwogesha, akapima sukuma wiki kwa bakuli. Na kliniki, hakuna tarehe iliyopita.

Hivyo hivyo Julai ikaisha. Agosti ikaanza. Neno ni lile moja.

Asubuhi moja Ndila ameketi uani juani. Mama yuko kwenye karai anaosha sufuria. Na wakati anasugua, mdomo wake ukaanza kuimba kwa sauti ya chini, bila yeye kujua. Unajua mdomo unavyoweza kwenda peke yake ukiwa kazini. Alikuwa anaimba ule wimbo wa Jumapili. Miaka ile yote akiuchukia, alikuwa ameushika karibu wote.

Akafika mahali akasahau. Akanyamaza.

Na nyuma yake, kutoka kwenye kiti, Ndila akaumalizia mstari. Kwa maneno. Maneno mazima, yaliyonyooka.

Mama Mukonyo aliangusha sufuria. Jirani yake, mama Kituku, alisikia kishindo akaja mbio akijua kuna msiba. Akawakuta wote wawili wanaimba, mama mzima wa kanisa, povu hadi kwenye viwiko, anaimba nyimbo za dunia kwa Kiingereza kibovu, na binti anamjibu.

Wakajaribu tenzi za kanisani. Zilikuja nusunusu. Zile za kaseti zilikuja nzima. Mtaalamu wa matamshi wa Mombasa alipoambiwa alifurahi sana. Akaeleza kwamba jambo hilo linajulikana, kwamba maneno ya kuimba huwa yana njia nyingine kichwani, na kwamba wakiitumia njia hiyo kila siku, hata maneno ya kawaida yanaweza kupita humo. "Mfundishe kuomba maji kwa wimbo," akasema.

Na Mama Mukonyo akafanya hivyo. Alichukua nyimbo za yule mwanamume aliyemwacha, akazitia maneno ya nyumbani. Naomba maji. Nguo yangu iko wapi. Mkamburi njoo. Watu wa Kaloleni mnakumbuka. Mlikuwa mnapita pale mnasikia mama na binti wanaimbiana habari za chumvi.

Gabriel akaja Jumapili moja kama kawaida yake. Ndila akamwimbia polepole, kila silabi na jasho lake: Gab-ri-el. U-me-ku-la? Gabriel aliniambia alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya nyumba, pale penye lile pipa la takataka, hadi alipoweza kurudi.

Kisha Septemba, Ndila akaimba ombi jingine. Nehemiah. Leta maiki.

Gabriel alikataa. "Hapana. Sitaki kusikia hiyo habari. Ghala lile lilitaka kuniulia mke."

Mama Mukonyo ndiye aliyemjibu. "Si ghalani. Hapa kwangu."

"Mama, wewe ndiye ulisema..."

"Najua nilichosema. Nilikuwepo."

Nehemiah akaja. Walitundika mablanketi ukutani. Mama Mukonyo alipita nyumba kwa nyumba kuomba majirani wanyamaze asubuhi hiyo, na kuku wa mama Kituku walifungiwa jikoni. Hakukuwa na bendi. Ndila kwenye kiti, mama yake kando, maikrofoni katikati.

Ndila akaanza wimbo wa kumi. Mstari wa kwanza. Wa pili. Nehemiah alikuwa amekaza macho kwenye kompyuta, anaogopa kumtazama. Kufika katikati, Ndila akakwama. Mdomo wazi, hakuna kitu. Gabriel akapiga hatua mbele. Mama Mukonyo akamzuia kwa mkono, kisha akaushika mstari yeye mwenyewe, akauimba, akamwachia binti mwisho wake. Binti akauchukua.

Walikwenda hivyo, huyu na huyu. Na kuna mahali wimbo uliisha lakini wao hawakuisha. Maneno yakabadilika, sauti ikabaki ile ile. "Walianza kwa Kiingereza," Nehemiah aliniambia. "Wakaingia Kiswahili. Mama akamuuliza kitu, Ndila akajibu. Kisha wakahamia Kikamba, na mimi Mtaita Kikamba sikijui. Nikasema afadhali. Nikaacha mashine iende."

Ndila aliishi miezi mitano baada ya siku hiyo. Alifikia kusema sentensi fupi bila kuimba. Aliisikia albamu yake ikitoka. Aliketi kwenye kibanda cha leso sokoni na mama yake, na watu walikuja kumsalimia. Jumatano ya wiki iliyopita, asubuhi, alipokuwa anamvisha Mkamburi sweta ya shule, aliketi chini ghafla. Kilikuwa kiharusi cha pili, kikubwa. Dawa alikuwa amekunywa. Kliniki alikuwa amekwenda. Daktari alisema kuna wakati mwili unafanya hivyo tu. Alifariki kabla ya kufika hospitali, Mama Mukonyo amempakata.

Jana nilikwenda Kaloleni kutoa pole. Nikamuuliza Mama Mukonyo, kwa heshima, kama naweza kuwapigia wimbo wa kumi asubuhi hii.

"Waambie yote, Kathini," akasema. "Sioni haya. Lakini ule usiwapigie. Ule si wimbo. Pale nilikuwa naongea na mtoto wangu."

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, sitaupiga. Nawaomba msiuulize tena.

Kwa Mama Mukonyo, kwa Gabriel, kwa Mkamburi, na kwa ukoo wote wa mzee Kimeu popote walipo: poleni sana. Voi inalia nanyi. Mwatate inalia nanyi. Mungu awape nguvu za kuamka kila asubuhi na kumkosa.

Na sisi tuliobaki tufikiri. Mtoto akilalamika koo mara kwa mara, na magoti yakimuuma, usiseme ni baridi. Mpeleke apimwe, leo. Kama una tarehe ya kliniki, nenda, kazi itakungoja. Na kama kuna mtu wa damu yako ambaye hamjaongea tangu mwezi fulani, na unaujua mwezi huo vizuri sana, chukua simu tukimaliza hapa.

Sasa naweka wimbo wa tisa, ule alioumaliza asubuhi ile Mwatate. Msiondoke unapoisha. Mwishoni kabisa, baada ya kinanda kunyamaza, mtamsikia Ndila anauliza chai iko wapi, halafu anamtania mpiga besi, anacheka. Nehemiah alitaka kukiondoa kipande hicho. Familia imesema aachwe acheke.